GIA YA MBELE HAIOMBWI MATOPENI

Dada yangu alinijia usiku mmoja baada ya sala ya Isha, akaketi barazani, akalitoa lililomleta bila ya kulizungusha. "Kakangu," alisema, "nataka unifanyie safari. Mwanangu yuko huko Meru juu ya malori. Mguu wake umevunjika mara moja, nami nikanyamaza. Sasa yuwasema ataka kuwa dereva. Niendee ukamtazame, kisha uje uniambie kweli: kazi ile ni kazi, au ni kaburi?"

Swali la dada halikimbiwi. Juma lile lile, mwezi wa Novemba, nilipanda basi la usiku mpaka Nairobi. Asubuhi nikashika njia ya Embu na Chuka hadi mji wa Meru, na kutoka hapo matatu ikanifikisha Muthara.

Muthara ni soko la Tigania Mashariki, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene, kaskazini kidogo ya mstari wa Ikweta. Sisi watu wa Pwani twaijua milima hiyo kwa miraa yake kuliko kwa majina ya masoko yake. Lakini miraa ina haraka, kwani siku mbili tatu tu huwa imeharibika, na kwa hivyo huchukuliwa na magari mepesi yanayokimbia kama yanayofukuzwa. Mawe ya kujengea, mchanga, mbao na kuni havina haraka hiyo. Hivyo hubebwa na malori ya zamani, ambayo mengine umri wake umepita wa wale wanaoyaendesha, na juu ya mojawapo ya malori hayo ndipo alipokuwa mwana wa dada yangu, utingo.

Kwetu mvua kubwa ni ya masika. Kule, vuli ya Oktoba hadi Disemba ndiyo inayotegemewa zaidi na wakulima, na udongo mwekundu wa mlimani ukishainywa mvua hiyo huteleza kama uliopakwa samli. Nilifika, basi, katika wakati wenyewe wa kuijua kazi ya lori.

MKASA WA MWAKA 2019

Kijana alinipokea kwa shikamoo na kunibusu mkono, nami nikaona kwamba mguu wa kushoto bado anauburura kidogo. Tulipokwisha kunywa chai nilimtaka anieleze mkasa ule tangu mwanzo, kwa kuwa mamake alikuwa hakuambiwa ila nusu yake.

Ilikuwa mwaka 2019, na lori lilikuwa la tajiri mwingine. Walikuwa wakipanda kilima kifupi, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure matopeni. Dereva wao, kijana wa kupenda mbio, hakusimama. Huku mafuta yamekanyagwa na magurudumu yanazunguka, aliivuta fimbo ya gia ya mbele. Kukatoka mlio kama wa nyundo juu ya fuawe, na gia isiingie. Watu walikuwa wakitazama, naye akaona haya. Akamwambia utingo ashuke aweke jiwe nyuma ya gurudumu. Lakini hakungoja jiwe likae. Akaishika fimbo ya pili kuitafuta gia ya chini. Fimbo haikufika ilikokuwa ikienda. Ilikwama katikati, pale ambapo injini haishiki gurudumu hata moja, na lori likarudi nyuma kiasi cha hatua mbili. Mguu wa mwana wa dada yangu ulikuwa katika hatua ya pili.

"Na breki ya mkono je?" nilimuuliza.

"Mjomba, ilikuwa mbovu. Na hata ingekuwa nzima, si ya kutegemea peke yake. Kuna malori ya zamani ambayo breki ya mkono hushika propela ya nyuma, haishiki gurudumu lenyewe. Gurudumu moja likiwa hewani au kwenye utelezi, hilo huzunguka upande wake na la pili upande wake, na lori likaenda huku breki imefungwa."

Miezi mitatu alilala na plasta. Alipopata nafuu hakurudi kwa tajiri yule. Alikwenda kwa mzee mmoja wa Muthara, Mmeru aliyepita miaka sabini, mwenye Bedford lililokuwa la jeshi zamani. Juu ya kioo cha mbele pameandikwa kwa rangi nyeupe MUNGU MBELE. "Mungu mbele," mzee huyo huwaambia wanaolisoma, "na gia ya mbele pia. Lakini kila kimoja huombwa kabla ya shida."

MFANO WA MKOKOTENI

Kesho yake nilipandishwa ndani ya lori hilo, nikakaa kati ya mzee na kijana, nyuma yetu shehena ya mawe ya kupelekwa chini ya mlima. Njiani mzee alinisomesha, na mimi nilimwelewa kwa njia yangu ya Kipwani, ambayo nitamweleza nayo msomaji.

Lori la kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ya mbele huonyesha njia tu. Lori la fowili lina propela ya pili iendayo mbele, na fimbo ya kuifunga na kuifungua. Ikifungwa, magurudumu ya mbele nayo huvuta. Ni sawa na mkokoteni wa mahamali wetu wa Mji wa Kale. Mmoja akisukuma peke yake, mkokoteni huzama mchangani; akipata wa kuvuta mbele, hutoka.

Sasa mtazame mkokoteni huo ukikata kona. Yule wa mbele huenda mzingo mrefu kuliko wa nyuma, na maadam yu huru, huongeza hatua. Lakini wafunge wote wawili viunoni kwa kamba moja, uwaamuru wapige hatua sawasawa. Penye mchanga miguu itateleza kidogo, na kona watakata. Penye sakafu kavu miguu haitelezi, na kona ile ile itawaangusha, au kamba itakatika.

Hivyo ndivyo yalivyo mengi ya malori haya ya zamani. Katika gia boksi ndogo, ile igawayo nguvu mbele na nyuma, hamna difu ya katikati ya kuwapatanisha hao wawili. Gia ya mbele ikiingia, propela zote mbili hulazimika kuzunguka kwa mwendo mmoja. Matopeni tofauti ya mzunguko hupotea kwa utelezi wa tairi. Juu ya lami haina pa kupotelea, basi hukaa ndani ya chuma na kukisokota. Dereva husikia usukani umekuwa mzito, lori linajivuta kana kwamba breki imeshika, na fimbo akiivuta haitoki. Akiendelea hivyo, meno ya gia, maungio ya propela au hafushafti ndivyo vitakavyolipa.

"Kwa hiyo," mzee alisema, "gia ya mbele si ya kujionyesha. Ni ya ardhi laini tu. Ukifika pagumu, itoe."

Aliongeza la tairi. Zote ziwe za kipimo kimoja, upepo uwe sawa, na zisipishane sana kwa kulika. Tairi ndogo mbele na kubwa nyuma ni kama kuwafunga kwa kamba moja mtu mfupi na mrefu. Hata katika njia iliyonyoka hawatapatana.

KABARI KWANZA

Tulifika bondeni saa tisa kupita. Mvua ya usiku ilikuwa imepita hapo na kuacha tope jekundu lenye urefu wa kama hatua arubaini, na kijito chembamba kikikata katikati. Ng'ambo kulikuwa na kilima cha wastani. Pikipiki tatu na matatu moja zilikuwa zimesimama, abiria wameshuka, na mawingu yakijikusanya tena juu ya Nyambene. Walipoliona lori walishangilia, wakijua kwamba likipita litawakanyagia njia. "Haya mzee, kanyaga! Mvua yaja!"

Mzee hakukanyaga. Alisimamisha lori mahali pa tambarare, hatua kumi kabla ya tope, akazima injini, akashuka na kijiti chake. Kijana naye alishuka na kabari mbili za mti, akaziweka, moja mbele ya gurudumu na moja nyuma, ingawa ardhi ilikuwa sawa kama jamvi. Nilimuuliza kwa nini. Alisema, "Mjomba, fimbo hizi hazishikwi kabla ya kabari. Ndiyo sheria ya kwanza." Nikaikumbuka habari ya yule bedui na ngamia wake, ambayo kila mtoto wa chuo aijua: kumtegemea Mola hakumwondolei mtu wajibu wa kufunga kamba.

Mzee alitembea tope lote mpaka ng'ambo, akichoma kijiti kulia na kushoto. Aliporudi suruali imemlowa mpaka magotini. Akafungua mlango wa upande wa dereva, akamwonyesha kijana kiti kwa kidevu. "Panda wewe."

Nakiri kwamba moyo ulinipiga. Nilimfikiria dada yangu barazani. Watu walikuwa wakipiga kelele, mbingu imeiva, na aliyekuwa akipanda kwenye usukani ni yule yule aliyevunjwa mguu na haraka ya mwenziwe. Kama angetaka kisingizio cha kuharakisha, kilikuwa hapo.

Kijana aliwasha injini, mguu umekaa juu ya breki. Aliangalia kioo cha kulia na cha kushoto, akaita kwa sauti kwamba hakuna mtu asimame mbele wala nyuma ya lori. Aliyanyosha magurudumu ya mbele mpaka yakawa sawa na njia. Mguu wa mafuta ulikuwa mtupu. Akaikanyaga klachi mpaka chini, akaivuta fimbo ya gia ya mbele taratibu. Haikuingia.

Hapo ndipo ilipo shida yote, msomaji. Yule wa mwaka 2019 alipofika hapa alilazimisha. Meno ya gia hukutana kwa bahati; yakikutana jino kwa jino hayapenyezani, na nguvu ya mkono haiwezi kuyapatanisha, huyavunja tu. Nilimtazama mzee. Alikuwa akiangalia dirishani kana kwamba habari hiyo haimhusu.

Kijana aliirudisha fimbo, akamwomba mtu mmoja azitoe kabari kwa kusimama ubavuni, si nyuma. Akatia gia ya kwanza, akaliacha lori lisogee hatua moja ya mtoto, akasimama, akakanyaga klachi tena na kuivuta fimbo kwa vidole viwili. Ikaingia bila ya mlio. Kabari zikarudishwa, na hapo, lori likiwa limesimama kabisa na breki imekanyagwa, akaitia gia ya chini.

Mpango huo haukuwa wa kubahatisha. Katika malori mengi ya aina hii gia ya chini hukataa kuingia mpaka ya mbele iwe imeingia, kwa sababu nguvu zake ni nyingi mno kuachiwa magurudumu ya nyuma peke yake. Na gia ya chini haiguswi lori likitembea, kwani kutoka ya juu kwenda ya chini fimbo hupita pale katikati pasiposhika kitu. Hapo ndipo mguu ulipovunjika mara ya kwanza.

Tukaingia tope. Gia moja, mwendo mmoja. Kijana hakubadilisha gia wala hakuuzungusha usukani kwa nguvu. Lori lilinguruma, likayumba mara moja kwenye kijito, likajikusanya, likapanda kilima ng'ambo kama punda mzee aijuaye nyumba yake. Watu wakapiga makofi. Mzee alisema neno moja tu: "Haijaisha."

KUITOA NI NUSU YA KAZI

Hakika haikuwa imeisha. Juu ya kilima barabara ilikuwa ngumu, ya changarawe iliyoshindiliwa. Kijana alisimama, kabari zikawekwa, akaitoa gia ya chini bila ya tabu. Ile ya mbele ilikataa. Kona moja tu tuliyokata tulipotoka topeni ilikuwa imetosha kukisokota chuma.

Wapo madereva ambao hapo huleta nyundo. Wapo wanaoendelea na safari, wakisema itatoka yenyewe. Kijana aliinyosha mbele ya lori, akamtuma mtu aangalie nyuma, kabari zikatolewa, akarudi nyuma taratibu mita tatu au nne. Alipokuwa akirudi, fimbo ikaruka yenyewe chini ya kiganja chake. Kile kilichosokotwa kwenda mbele kilikuwa kimesokotoka kwa kurudi nyuma. Mzee alitikisa kichwa kidogo, na nilifahamu kwamba hiyo kwake ndiyo shahada.

Alasiri ilikuwa imeshaingia kitambo. Kijana aliomba ruhusa, akashuka na birika lake na mkeka. Mzee, ambaye ni Mkristo, aliweka kabari kwa mikono yake mwenyewe, akazima injini, akaketi juu ya ngazi ya lori. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yakianguka. Hakupiga honi wala hakuitazama saa. Nilimuunga kijana nyuma yake, na tulipotoa salamu tulimkuta mzee ametandaza turubai juu ya shehena akitungoja.

ELIMU YA VIJITI NA MIGUU

Jioni nilimuuliza mzee ni nani aliyemfundisha. Alisema ni babake, na babake alifundishwa na vita. Wakati wa vita vya 1939 hadi 1945 vijana wengi wa Afrika Mashariki ambao hawakuwa wamegusa usukani walifanywa madereva wa jeshi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, ikapita bonde la Kabaw katika mvua za kusi, ambapo barabara zilikuwa uji wa matope. Ndivyo vita vilivyoyafanya malori ya fowili kuwa kitu cha kawaida duniani. Uingereza peke yake iliunda zaidi ya malori 50,000 ya aina ya Bedford QL, yenye gia ya mbele ya kufunga na kufungua kwa fimbo. Vita vilipokwisha, askari walirudi na elimu mikononi na miguuni, nao wakawapa watoto wao. Hili la mzee ni la kizazi kilichofuata, lakini fimbo zake hufuata adabu ile ile.

Elimu hiyo haina shule wala cheti. Mtahini wa leseni hamuulizi mtu juu ya gia boksi ndogo. Hupatikana kwa kuketi karibu na aijuaye, na kila aijuaye anapokufa bila ya mwanafunzi, hubaki malori bila ya wajuzi. Barabara ya Isiolo mpaka Moyale ilitiwa lami yote katika miaka ya 2010, na vijana wengi wa leo hawajawahi kuihitaji gia ya mbele mpaka siku ile moja ya mvua.

Kabla sijaondoka mzee alinipa la mwisho, nami nalitoa hapa kwa faida ya mafundi wetu wa Changamwe na Kisauni. Gurudumu la nyuma likiwa juu ya jeki na gia ya mbele imeingia, asiwepo mtu wa kuwasha injini na kutia gia. Ya mbele yamo ardhini. Yatalivuta lori litoke kwenye jeki, na aliye chini yake hatapata nafasi ya kusema neno.

JAWABU LA DADA

Niliporudi Mombasa dada yangu alikuwa akinisubiri barazani pale pale. Nilimweleza yote: tope, kelele za watu, fimbo iliyokataa mara mbili, na mwanawe aliyengoja mara mbili. Nilimwambia kwamba kazi ile haikosi hatari, lakini niliyoiona hatari kubwa zaidi ni haraka na haya ya kutazamwa, na kwamba mwanawe amezijua zote mbili kwa gharama ya mguu.

Alinyamaza kitambo, akiuzungusha ukingo wa buibui yake kidoleni. Kisha akauliza, "Huyo mzee humngoja akisali?"

"Humngoja," nilimjibu, "na kabari huweka yeye."

"Basi," alisema dada yangu, akainuka kwenda zake, "mwache awe dereva."